Wiki ya Kuficha Viti

Kila mwaka, wiki moja kabla ya wadhamini wa Mfuko kupita, viti vya mji mzima vilianza kusafiri.

Vya maktaba ya watoto vilihamia kwa kinyozi wa jirani, vikapangwa hadi kugusa dari, na wateja wakawa wananyolewa huku wamebanwa na miguu ya viti mbavuni. Mabenchi ya wale wanaofundisha viziwi cherehani yalilala chali nyuma ya choo, yamefunikwa turubai. Mwaka jana kituo cha wazee ndicho kilichotia fora. Kila mzee aliombwa aondoke na kiti chake, akakae nacho nyumbani hadi wageni wapite. Wakaondoka navyo. Siku ya ukaguzi wadhamini walikuta kituo hakina kiti wala mzee, na meneja amesimama katikati ya ukumbi mtupu akieleza kwa hisia jinsi wazee wanavyopenda pale mahali.

Katibu wa Mfuko aliyajua yote haya. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mjukuu wa mwanzilishi, na yeye ndiye aliyetangulizwa kugawa barua za miadi. Macho hayana pazia. Lakini kuona ni jambo moja na kusema ni jingine, hasa kwa mtu ambaye akiagiza chai mgahawani akaletewa kahawa, huinywa kahawa na kushukuru.

Chanzo cha yote kilikuwa marehemu Babu. Babu aliuza magodoro. Alianza na moja, alilolibeba kichwani mlango kwa mlango, akaishia na kiwanda. Uzeeni alitenga fungu la mali yake liwe Mfuko wa familia, ili kila mwaka kikundi kimoja kinachosaidia watu pale mjini kipate ruzuku moja ya maana. Hakuwa mtu wa hotuba. Siku alipotoka kukagua vikundi kwa mara ya kwanza, akaulizwa apewe nani, alijibu sentensi moja tu: "Wapeni hawa ambao mgeni akifika hana pa kukaa." Mwanawe wa kiume aliiandika palepale. Babu alipofariki mwaka uliofuata, sentensi ile ikaingia kwenye katiba ya Mfuko kama kifungu cha kwanza, ikachapwa kwa wino wa dhahabu, ikatiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni kwa Bibi, juu kidogo ya picha ya Babu mwenyewe.

Huyo mwana ndiye Mjomba wa Katibu. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mrefu, mkavu, amenyooka kama rula. Nyuma ya mgongo wake familia ilimwita Kanuni, na siku alipolisikia jina hilo alidhani anasifiwa. Yeye ndiye aliyetunga fomu ya ukaguzi yenye maswali ishirini. La kwanza liliuliza: Je, mgeni alipata pa kukaa? Jibu likiwa ndiyo, yale kumi na tisa hayakuwa na haja ya kuulizwa. Wala hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kikundi kinachonunua sofa kabla ya dawa, alisema, kimekwisha kujieleza. Tatizo ni kwamba mji nao una akili zake. Kufikia mwaka wa kumi na nne ufukara ulikuwa umegeuka mashindano, na mshindi alikuwa yule mwenye jirani wa kumhifadhia samani.

Katibu aliandika kumbukumbu. Aliandika kila kitu, kwa mwandiko mdogo wa wima, kwa sababu mtu anayeandika haulizwi maoni. Katika miaka minne ya vikao alikuwa amefungua kinywa mara moja tu, kumwomba Mjomba arudie tarehe.

Mwaka huu, hata hivyo, alikuwa na jambo lake. Nyuma ya soko la vyuma palikuwa na banda la Fundi. Zamani Fundi alitengeneza baiskeli. Sasa, pamoja na wenzake wawili, alikusanya viti vya magurudumu vilivyotupwa na hospitali, akavibadilishia beringi na tairi, akavishonea upya vikalio, kisha akaviazima bure kwa wagonjwa hadi wapone au wasivihitaji tena. Mama yake Katibu alikuwa mmoja wao. Alipougua, familia iliagiza kiti kipya cha kisasa kutoka mbali, nacho kilifika wiki mbili baada ya mazishi. Miezi saba yote kabla ya hapo, mama aliota jua barazani ndani ya kiti cha Fundi, chenye gurudumu moja jekundu na moja la buluu, na Katibu alikuwa amemsikia akicheka akisukumwa kwa kasi kwenye njia ya bustani.

Sasa mwenye banda alikuwa ameliuza. Fundi alipewa hadi mwisho wa mwezi. Asipopata fedha za kuhamia pengine, viti vingekwenda kupimwa kilo kwenye vyuma chakavu, umbali wa hatua thelathini. Katibu ndiye aliyempelekea fomu ya maombi, akamsaidia kuijaza, akamshika mkono katika mambo yote isipokuwa moja. Na hilo moja lilimnyima raha, hadi siku ya kuamkia ukaguzi akavaa viatu, akaenda.

Alimkuta Fundi amelala chini ya kiti, miguu nje. Akaanza kwa mbali. Akasifu tairi. Akauliza hali ya wenzake. Akasema wadhamini wanakuja kesho, na kwamba, kwa uzoefu wake mdogo, wadhamini hupenda zaidi wakikuta nafasi.

"Nafasi ya nini?" Fundi akauliza kutoka chini.

"Ya kusimama."

Fundi akajitoa polepole, akakaa chini, akamtazama. Uvumi wa viti ulikuwa umeshamfikia, kama ulivyomfikia kila mtu. "Mwanangu, unataka nifiche viti?"

Katibu akaitikia kwa kichwa, akitazama ncha za viatu vyake.

"Ni arobaini na kimoja hivi. Nikivificha, hao wazee wako nitawaonyesha nini? Mimi na bisibisi?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na mgonjwa akija kukifuata cha kwake nimwambie kiko mafichoni, kwa sababu nataka pesa za kumsaidia?"

Katibu alirudi nyumbani, na jioni hiyo hakula kitu cha maana.

Kesho yake walipanda gari la Mama Mkubwa, dada yake Mjomba, mwenye duka la vitambaa na maneno ya kumwaga. Mbele alikaa Bibi, mwenyekiti wa Mfuko, miaka sabini na tisa, bahasha ya fomu mapajani. Nyuma Mjomba alinyooka kadiri paa lilivyoruhusu. Katibu alijikunja pembeni na daftari.

Wakatembelea vikundi vitatu kabla ya adhuhuri, na kote walisimama. Maktabani mkurugenzi aliwapokea ameegemea ukuta kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi. Alieleza jinsi watoto wanavyosoma wamechuchumaa, na jinsi anavyoamini kuwa kuchuchumaa kunakuza fikra. Kinyozi mwaka huu alikuwa amegoma kuhifadhi zaidi ya nusu. Mama Mkubwa, ambaye viatu vilimbana, akatafuta pa kujishikiza, akalishika pazia la kona, pazia likaja naye, na viti ishirini vya plastiki vikamfuata kwa kelele kama mvua ya mawe.

Mkurugenzi akaacha kuegemea ukuta.

"Hivyo ni vya jirani," mkurugenzi akasema.

Mjomba aliviangalia viti, akamwangalia mkurugenzi. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo, na watu wa namna hiyo huona taabu kuutambua. Akaandika: *Viti vipo, si vya kikundi.* Kisha akatia alama kwenye *hapana*.

Walifika kwa Fundi saa nane. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na humo ndani, kutoka ukutani hadi ukutani, kwa safu, vimetazama nje kama wasikilizaji waliokwisha kulipa kiingilio, vilikuwa viti. Mjomba alisimama kizingitini. Akahesabu kwa kidole. Akafika kumi na nane, akafunga faili.

"Tumemaliza," akasema. "Ahsante sana, Fundi. Swali la kwanza."

"Maswali yenyewe mangapi?"

"Ishirini."

"Basi nimefanya haraka kuliko shuleni," Fundi akasema, naye akaanza kuwapa mkono wa kwaheri bila kinyongo. Katibu aliandika saa.

Hapo ndipo ilipogundulika kuwa Bibi hayupo mlangoni. Alikuwa amepenya kati ya safu, akakipata kiti kimoja karibu na benchi la kazi, akaketi. Hakuketi kama mtu anayejaribu. Aliketi kama mtu aliyefika.

"Mama," Mjomba akasema, "inuka, tuko kazini."

"Kazi naiona vizuri kutoka hapa."

Fundi alimwendea. Hakujua kwamba huyo ndiye mwenyekiti, na pengine hata angejua asingebadilika. Akapiga magoti mbele yake kama anavyopiga kwa kila mtu, akamtazama miguu, ambayo ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zikazama. "Inauma tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka juzi."

Mama Mkubwa akageuka. Mjomba akageuka. Hakuna aliyekuwa amejua. Miaka miwili Bibi alikuwa akisimama vikundi vitano kwa siku, kila mwaka, mbele ya watu walioficha viti, na akirudi nyumbani akisema amechoka kidogo tu.

"Mbona hukusema?" Mama Mkubwa akauliza.

"Mngeniachisha. Na mimi napenda kutoka."

Fundi hakuingilia mambo ya familia. Alishusha vikanyagio, akapima kwa kiganja umbali wa goti na ukingo wa kiti, akakaza skrubu mbili, akamwambia ajaribu. Bibi akajisukuma mbele, nyuma, akazunguka benchi la kazi, akagonga ndoo, akaomba radhi kwa ndoo. Kiti hicho kilikuwa kimerudishwa wiki ile na mwalimu aliyevunjika nyonga na sasa anatembea, kwa hiyo ndicho pekee kisicho na mtu. Fundi akachukua kipande cha karatasi, akaandika jina la Bibi na neno *miguu*, akakifunga kwenye mkono wa kiti kwa uzi. Bibi akatia sahihi kwenye kitabu cha wagonjwa.

Wakati haya yakiendelea, Mjomba, ambaye alikuwa na miaka sitini na sita na alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi, alifanya jambo asilotaka lionekane. Alirudi nyuma taratibu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kujishusha kwenye kiti cha safu ya mwisho.

"Samahani mzee," Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Hicho kina mwenyewe. Anakuja kukifuata saa tisa."

Mjomba akahamia cha pili.

"Na hicho. Vyote vina watu, mzee, vimeletwa matengenezo tu. Soma karatasi."

Mjomba akanyooka tena, akajikung'uta koti ambalo halikuwa na vumbi. Katibu aliandika.

Kikao kilifanyika jioni ileile, kwenye meza ya chakula ya Bibi. Katiba ilitaka wadhamini watatu wapige kura, na zikilingana, ruzuku iende kwa mwenye alama nyingi kwenye fomu. Kabla hata chai haijamiminwa, Mjomba alisimama na kueleza, kwa heshima zote kwa mama yake mzazi, kwamba mwenyekiti ameazima kiti kutoka kwa mwombaji, hivyo ana maslahi, hivyo hawezi kupiga kura. Mama Mkubwa akasema ndiyo kwanza mwenyekiti wetu amepata kiti na sisi tunamnyang'anya kura. Bibi, aliyekuwa akijizungusha polepole kati ya kabati na dirisha, akasema kanuni ni kanuni, endeleeni.

Zikabaki kura mbili. Mama Mkubwa alikuwa upande wa Fundi. Mjomba alikuwa upande wa kifungu cha kwanza, na kwa kifungu hicho maktaba ilikuwa na alama kumi na tisa kati ya ishirini, ilhali banda la viti halikuwa na hata moja.

Mama Mkubwa akamwambia kaka yake kuwa ana moyo wa jiwe. Kiti kile chenye gurudumu jekundu na buluu amekisahau?

"Sijakisahau," Mjomba akasema. "Nilikisukuma mimi mwenyewe. Nilimsukuma mdogo wangu bustanini hadi kikatoa cheche." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ndiyo maana siwezi. Nikimpa huyu kwa kuvunja kanuni kwa sababu alitutendea sisi, kesho tutampa nani? Rafiki? Shemeji? Andika, Katibu: maktaba."

Kalamu ya Katibu ikagusa karatasi, ikaandika herufi *m*, ikasimama.

Baadaye alijaribu kukumbuka jinsi ilivyoanza, hakuweza. Alichokumbuka ni kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa yake. "Viti vya maktaba ni vya maktaba, Mjomba."

Wote wakamtazama. Hata Bibi akashika breki.

"Nusu viko kwa kinyozi. Mabenchi ya cherehani yako nyuma ya choo, chini ya turubai. Wale wa mafunzo ya upishi hupakia vyao kwenye lori, lori linazunguka mji hadi tuondoke. Mwaka jana tulipishana nalo mara mbili, wewe ukasema watu wanahama sana siku hizi." Alivuta pumzi. "Wote wanaficha. Kila mwaka. Fundi peke yake ndiye amekataa."

Mama Mkubwa akaanza kucheka, akajizuia kwa leso, leso haikutosha. Mjomba hakucheka.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wangu wa kwanza."

"Miaka minne." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Katibu kuliko kama angekaripiwa. "Mimi nimesimama kumi na minne. Nilikuwa nikifika nyumbani natia miguu kwenye beseni, nasema moyoni, si kitu, Baba anaona." Akakusanya fomu zake, akazigonga mezani zikae sawa. "Basi mwaka huu hakuna atakayepewa. Waongo hawawezi kupewa, na mkweli ameshindwa swali la kwanza. Andika."

Katibu aliiweka kalamu chini. Alikuwa amesema la moyoni mara moja katika maisha, na alichopata ni kwamba sasa hata maktaba haipati.

Ndipo Bibi akaja mezani na kiti chake, akamwomba Mama Mkubwa ammiminie chai, akanywa mafunda mawili. "Baba yenu," akasema, "siku ile alikuwa na jipu."

Hakuna aliyeelewa.

"Siku ya ziara ya kwanza. Jipu kubwa, mahali ambapo mtu hukalia. Nilimwambia asiende, akasema ameshaahidi. Vikundi vinne vya kwanza walimng'ang'ania, mzee karibu kiti, mzee usisimame. Naye mnamjua, hawezi kukataa ukarimu wa mtu. Akakaa kote kunne. Cha tano hawakuwa na kiti hata kimoja. Alitoka pale anang'aa kama bwana harusi. Mkamuuliza apewe nani." Akapiga funda la tatu. "Ningekuwa mimi pia ningewapa hao."

Mama Mkubwa sasa alikuwa ameweka paji la uso mezani, mabega yakimtikisika.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?" Mjomba akauliza.

"Alinikataza. Muuza magodoro asiyeweza kukaa, biashara ingekuwaje? Halafu akafariki, na mimi nilipokuja kustuka wewe ulikwisha kuitia kwenye fremu. Kwa dhahabu. Mwanangu, ningeanzia wapi?"

Mjomba alitazama fremu ukutani. Akaitazama picha ya baba yake chini ya fremu. Kisha akatoka barazani, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyemfuata. Mama Mkubwa alisema mwacheni apoe. Bibi alimtazama mjukuu wake, kisha akalitazama daftari. Katibu akalichukua, akatoka.

Mjomba alikuwa ameshika nguzo ya baraza, akitazama njia ya bustani. Katibu akasimama kando yake. Walikuwa wawili wasiojua la kusema, na mmoja wao alikuwa na uzoefu zaidi.

"Sentensi ilikuwa nzuri," Mjomba akasema hatimaye. "Hata kama ni ya jipu."

"Ni nzuri, Mjomba."

"Siwezi kuifuta. Niite jina lolote, siwezi."

"Usiifute." Katibu akafungua daftari. Akapekua kurasa hadi saa nane, akasoma. "*Saa nane na dakika ishirini na tano. Mjomba anataka kukaa. Fundi anasema kiti kina mwenyewe. Mjomba anajaribu kingine. Fundi anasema vyote vina watu. Mjomba anasimama.*"

Mjomba aligeuza shingo. "Uliandika na hilo?"

"Naandika yote."

"Lakini Mama alikaa."

"Bibi aliandikwa kwenye kitabu cha wagonjwa. Karatasi imefungwa kwenye mkono wa kiti. Ndiyo maana umemnyima kura."

Ilimchukua Mjomba muda kulizungusha jambo lile kichwani, kulikagua mbele na nyuma, kulitafutia ufa. Katibu aliona midomo yake ikitembea kimyakimya, kama enzi zile alipokuwa akimsahihishia madaftari.

"Soma tena," akasema. "Kwa sauti."

Akasoma tena. Kwa sauti. Ndani, kicheko cha Mama Mkubwa kilikatika.

Mjomba akarudi mezani akiwa amenyooka. Akafungua fomu ya Fundi, akatangaza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za kikao, viti arobaini vilivyokuwa bandani vilikuwa na wenyewe, kile cha arobaini na moja kilikuwa cha mgonjwa, na kwamba mgeni, yaani yeye binafsi, alifika, akatafuta pa kukaa mara mbili, akakosa mara mbili, na miguu yake ni shahidi. Maktaba, kwa upande mwingine, ilikuwa na viti ishirini nyuma ya pazia na vingine kwa kinyozi, na ilistahili barua kali, ambayo ataiandika mwenyewe. Akakata *ndiyo*, akatia *hapana*, akaweka sahihi na tarehe pembeni ya masahihisho. Kisha akauliza maswali kumi na tisa yaliyobaki, moja baada ya jingine, mpaka chai ikapoa, maana swali la kwanza halikuwa kisingizio cha kuruka mengine.

Kura zikawa mbili kwa sifuri.

"Mpigie," Bibi akamwambia Katibu.

Katibu alipendekeza barua. Barua, alisema, ni rasmi zaidi, na ana karatasi yenye nembo. Mama Mkubwa akamsukumia simu mezani.

Ikaita mara nne. Fundi alipopokea, nyuma yake kulisikika sauti ya chuma ikikwaruzwa. Katibu alisahau salamu aliyoiandaa. Akasema tu, kwa pumzi moja, kwamba wamepata, ruzuku yote, kwamba hati zitaletwa Jumatatu, na kwamba atafute banda jipya kuanzia kesho.

Mkwaruzo ukakoma.

"Subiri kidogo," Fundi akasema. "Kuna beringi imeniangukia hapa. Ngoja niitafute."

Katibu akasubiri. Alisikiliza asikie mtu akipapasa sakafuni, au ndoo ikisogezwa, au kiti kikiburutwa. Hakusikia chochote ila pumzi, ikiingia na kutoka, haijatulia. Mama Mkubwa akamuuliza kwa ishara kama simu imekatika. Yeye akatikisa kichwa, akaishikilia simu sikioni kwa mikono miwili, akamwachia Fundi muda wote aliouhitaji.